Dakika moja kabla ya kushika simu

Mei 2024 watu wa Kusini tulikatika mara mbili. Kwanza mvua za Kimbunga Hidaya ziliivunja barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, mabasi yakalala njiani na mizigo ikakwama. Hatujakaa sawa, Jumapili ya tarehe 12, nyaya za EASSy na SEACOM zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, na intaneti nchini ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa.

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara, upande wa Shangani, mitaa wanayopanga wanafunzi. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, nachaji simu. Nilisomea ualimu na saikolojia ndiyo lilikuwa somo langu la kufundishia, kwa hiyo macho yangu hayatulii kwenye mashine tu. Jumatatu ile benchi la nje lilijaa, maana kazi za watu zilikuwa zimenasa kwenye barua pepe zisizofunguka. Wawili kati yao nawakumbuka vizuri.

Mmoja ni binti wa mwaka wa pili anayeuza korosho za kubanguliwa kwa wateja wa Dar, na biashara yote iko kwenye simu. Siku za kawaida simu yake hailali. Aliiangalia mara mbili, akasonya, akasema, "Leo sina duka," akaitumbukiza kwenye mkoba na kuanza kunisaidia kupanga kurasa za watu. Mwingine ni kijana wa mwaka wa tatu. Mkononi alikuwa na kitini alichopaswa kukisoma, lakini kilikuwa kimekunjwa kama cha kujipepea joto. Alifungua programu moja, kile kiduara kikazunguka bila kuleta kitu, akafunga. Akafungua nyingine, akafunga. Akarudi ile ya kwanza. Kwa muda niliotumia kutoa kopi ya kitini cha kurasa arobaini, nilimhesabu mara kumi na moja.

"Unasubiri meseji?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Naangalia tu kama imerudi."

"Ikirudi unataka kuangalia nini?"

Akacheka, akainua mabega. "Hata sijui."

Wote wawili wanashinda na simu. Ukihesabu saa, nadhani binti wa korosho anamzidi. Lakini mtandao ulipokatika, yeye alipoteza duka, wakati kijana alipoteza kitu ambacho hata jina lake hakulijua. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayopotea kila tunapowasema wanafunzi wa chuo kwamba wameharibiwa na mitandao.

Neno tunalotumia ni uraibu, na tumelizoea kwenye dawa za kulevya pamoja na ukoo wake mzima. Wanafunzi wenyewe husema "nina arosto ya bando" wakimaanisha utani nusu na kweli nusu. Na kumbe hata huko lilikoanzia, jambo hili lilizaliwa na utani. Mwaka 1995 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika orodha ya dalili za ugonjwa aliouita uraibu wa intaneti. Alikuwa anawachokoza wenzake, kwamba miongozo yao ya tiba inageuza kila tabia ya binadamu kuwa ugonjwa. Miongoni mwa dalili alizotunga ni vidole kuchapa hewani, kwa kutaka au bila kutaka. Watu wakasoma, na badala ya kucheka, wakajiona humo. Mwaka uliofuata, 1996, mwanasaikolojia Kimberly Young akalileta jambo lilelile bila mzaha mbele ya wenzake, na baadaye akatunga dodoso la maswali 20 linalotumika mpaka leo katika tafiti nyingi za vyuoni, duniani kote.

Pamoja na hayo, "uraibu wa intaneti" kwa ujumla wake haujapata kuwa ugonjwa rasmi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali, na ule wa kamari, ikiwemo kamari ya mtandaoni. Basi. Sababu yake inaeleweka. Intaneti ni barabara. Mtu akishinda barabarani kutwa, utamuuliza anaenda wapi kabla hujamwita mgonjwa wa barabara. Yuko anayekwenda sokoni, yuko anayekwenda kwa rafiki, na yuko anayetembea kwa sababu nyumbani hakukaliki.

Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka tumwangalie.

Ila niseme kwanza kuhusu saa, maana wazazi wengi wanapenda kuhesabu saa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua takwimu za vijana zaidi ya laki tatu na nusu wa Uingereza na Marekani, wakitaka kujua matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza kiasi gani cha tofauti za ustawi wa vijana hao. Jibu lilikuwa asilimia 0.4 kwa kiwango cha juu kabisa. Wapo walioshangilia kwamba basi simu haina neno. Mimi naisoma tofauti kidogo. Wastani ni kumchukua binti wa korosho na kijana wa kiduara, ukawajumlisha, ukagawa kwa mbili. Unapata mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi langu.

Mwanasaikolojia Mark Griffiths aliwahi kupendekeza vipimo visivyohesabu saa. Je, kitu hiki kimekuwa ndicho kinachotawala mawazo yako hata usipokuwa nacho? Unakitumia kubadilisha unavyojisikia? Kiasi kilichokutosha mwaka jana bado kinakutosha? Ukikikosa unakuwa na hasira au wasiwasi? Kimekugombanisha na watu, au na masomo yako mwenyewe? Na ukiacha, unarudi palepale? Binti wa korosho angejibu ndiyo mara moja, labda mbili siku ya mnunuzi msumbufu. Kijana aliniambia, siku nyingine tulipokaa kuzungumza, kwamba ni zote isipokuwa moja, na hiyo moja alihitaji kuifikiria.

Sasa kwa nini kidole kinarudi palepale hata pakiwa pakavu?

Ukivuka kwenda Msangamkuu asubuhi utawakuta wavuvi wa mshipi. Mzee ameketi kwenye mtumbwi, uzi ameuzungusha kidoleni, macho yake wala hayako majini. Anavuta, hakuna. Anavuta, hakuna. Chambo kimeliwa, anaweka kingine. Mara changu anakuja, mkubwa, halafu tena hakuna kwa saa nzima. Sasa fikiria samaki wangekuwa na utaratibu, kwamba kila mvuto wa kumi unatoa mmoja. Mzee angevuta kumi, akapumzika, akavuna wake na kwenda kunywa chai. Kinachomweka pale mpaka maji yatoke ni kwamba hajui ni mvuto upi. Huenda ni huu. Huenda ni unaofuata.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alilipima jambo hili kwa njiwa, na mwaka 1957 yeye na Charles Ferster wakatoa kitabu kinene cha matokeo. Njiwa alidonoa kitufe akapata punje. Walipoweka hesabu inayojulikana, alidonoa, akala, akapumzika. Walipoivuruga hesabu, punje ikawa inakuja baada ya kudonoa mara tatu, mara thelathini, mara tano, njiwa akadonoa mfululizo bila mapumziko. La kuzingatia zaidi ni hili: punje zilipokomeshwa kabisa, yule aliyezoea bahati nasibu aliendelea kudonoa muda mrefu kuliko mwenzake aliyezoea utaratibu. Ndiyo Jumatatu yangu ile. Kijana alikuwa anavuta mshipi kwenye bahari iliyokauka.

Simu inaweza kuwa mshipi wa namna hiyo kwa sababu ndani yake hakuna kinachokuja kwa ratiba. Posti moja inapata laiki themanini, nyingine tatu. Video tisa za kipuuzi, ya kumi inakuvunja mbavu. Meseji ya yule unayemtaka inaweza kuingia sasa hivi, au isiingie wiki nzima. Tena waundaji wameondoa hata vituo. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, ukifika chini ubonyeze ili uende mbele, na pale penye kubonyeza ndipo akili ilipopata nafasi ya kusema imetosha. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin akatengeneza ule ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoteremka. Ni daladala isiyo na kituo, huoni mahali pa kumwambia konda "shusha". Raskin mwenyewe amekuja kusema hadharani kwamba anajutia.

Hapa watu hutaja dopamini, ile kemikali ya ubongo, na wengi huitaja vibaya. Utasikia kwamba ni homoni ya furaha, kwamba ukishika simu unamwagikiwa na raha. Mtafiti wa ubongo Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ndani ya ubongo hamu ni kitu kimoja na raha ni kingine. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakufuata chakula, wangekufa njaa mbele ya sahani. Lakini wakiwekewa sukari ulimini walijilamba kwa raha ileile ya panya mzima. Raha ilikuwapo, kilichoondoka ni msukumo wa kuifuata. Na kinyume chake kinawezekana: msukumo ukabaki, raha ikaondoka. Mtu anataka kitu asichokifurahia tena. Ukimwelewa Berridge, lile "hata sijui" la kijana linaacha kuwa jibu la kijinga. Alikuwa anasema ukweli mtupu. Hamu alikuwa nayo, raha hakuweza kuitaja.

Lakini ingekuwa ni mshipi peke yake, sote tungenasa sawasawa, na binti wa korosho angekuwa wa kwanza. Chambo ni kilekile kwa wote. Kwa hiyo lazima tumwangalie na samaki, ana njaa gani.

Njaa ya kwanza ninayoiona haizungumzwi sana, pengine kwa sababu vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa na watu wa nchi ambako mtoto anapewa simu akiwa darasa la sita. Wanafunzi wetu wengi wamesoma bweni mpaka kidato cha sita. Simu ni marufuku, ukikutwa nayo unasimamishwa au inavunjwa mbele ya paredi. Kengele ndiyo inayoamka, kengele ndiyo inayokula, kengele ndiyo inayolala. Kuna mwalimu wa zamu, kuna prepu, kuna kiranja. Miaka sita kijana hajawahi kuamua peke yake kwamba sasa nasoma na sasa nalala. Halafu anapanda basi kuja Mtwara, anapokea bumu la kwanza, yaani pesa ya mkopo wa masomo, ananunua simu janja, anapanga geto na mwenzake, na ratiba ya chuo inamwambia Jumanne una kipindi kimoja tu. Kengele imenyamaza.

Kujitawala hujifunzi kwa kuhubiriwa. Ni kama kuogelea, lazima uingie majini, tena kwenye kina kifupi kwanza. Sisi tumewazuia watoto ufukweni kwa miaka sita, kisha tukawatupa mkondoni. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza", huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Sisemi shule ziruhusu simu ovyo. Nasema tusijifanye kushangaa.

Njaa ya pili ndiyo kubwa, nayo niliijua kupitia kijana huyohuyo. Alikuwa na risechi. Alikuja siku moja kuprinti ukurasa mmoja, kichwa cha habari na jina lake, basi. Miezi miwili ukurasa mmoja. Nikamwambia anieleze usiku wake ulivyo, hatua kwa hatua, asiniambie anavyopaswa kufanya.

Anakaa kitandani saa mbili usiku. Hana kompyuta, anaandikia kwenye simu. Anafungua faili. Anaona maneno "tatizo la utafiti" na chini yake peupe. Hapo, anasema, tumbo linakaza. Anamkumbuka msimamizi wake alivyomuuliza swali mbele ya wenzake akashindwa kujibu. Anawaza huenda hata chuo hakikuwa saizi yake. Yote hayo kwa sekunde chache. Kidole kinatoka kwenye faili, kinaingia kwenye video. "Dakika mbili tu, nitulize kichwa." Na kweli kichwa kinatulia.

Tusimame hapo, kwenye kutulia. Tumezoea kudhani tabia hujengwa na utamu. Lakini kuondokewa na maumivu nako ni malipo, na mara nyingi ndiyo malipo makubwa zaidi. Aliyebeba gunia la korosho kutoka shambani hahitaji kupewa asali akifika. Kulitua tu kunatosha. Kila mara kijana anapokimbia faili na tumbo likalegea, ubongo wake unaandika somo: likikaza, kimbilia huku. Baada ya usiku mia moja, somo hilo linafanya kazi bila yeye kuulizwa.

Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kazi ni suala la kushughulikia hisia kuliko suala la kupanga muda. Anayeahirisha anainunua nafuu ya sasa kwa pesa ya mtu wa kesho, ambaye ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana zile ratiba za rangi rangi zinazobandikwa ukutani (naziprinti mimi, najua zinavyotoka kwa wingi kila muhula ukianza) zinadumu wiki mbili. Ratiba inakwambia saa mbili soma. Haikwambii ufanyeje na tumbo.

Kisha inafika saa saba usiku, bando la usiku ni nafuu, anashtuka. Saa tano zimekwenda. Sasa kuna aibu, na aibu nayo inakaza tumbo kuliko hata lile faili. Dawa ya tumbo kukaza anaijua. Kwa hiyo anaendelea mpaka jogoo. Asubuhi usingizi, kipindi kimempita, na mtu mwenye usingizi ana nguvu pungufu za kujizuia jioni inayofuata. Angalia hicho kitanzi: simu inatuliza maumivu ambayo sehemu kubwa yake sasa inayaleta yenyewe. Na kuna ubaya wa ziada kwa mwanafunzi wetu. Mwenzake wa nchi nyingine ana kompyuta ya kusomea na simu ya kukimbilia. Huyu, daftari na mlango wa kutorokea viko kwenye kioo kimoja cha inchi sita.

Upweke ni njaa nyingine. Wapo wanaokuja hapa kutoka Kigoma, Mara, Kagera, siku mbili barabarani, wanashuka stendi hawajui mtu. Joto si la kwao, utani wa Wamakonde hawajauzoea, wanaona kama wanatukanwa kumbe wanakaribishwa. Mwanasaikolojia Scott Caplan alieleza miaka ya mwanzo ya 2000 kwamba watu wanaojiona hawana ufundi wa kuzungumza na wengine uso kwa uso huanza kupendelea mazungumzo ya mtandaoni, na upendeleo huo ndio unaotabiri matatizo. Mantiki yake iko wazi. Kwenye chati unaandika, unafuta, unaandika tena, hakuna anayekuona ukitokwa jasho. Ila kadiri unavyojificha humo ndivyo kigugumizi cha ana kwa ana kinavyozidi, na ndivyo unavyozidi kuhitaji kujificha.

Lakini sitaki mtu achanganye mambo. Kuna binti wa Karagwe aliyepanga kwa jirani yangu, kila jioni saa moja anampigia mama yake kwa video, mama anampeleka mpaka jikoni amwonyeshe ndizi zilivyoiva. Ukipita unasikia kicheko. Hiyo ni intaneti pia, tena kila siku bila kukosa, na ninaamini ndiyo iliyomfikisha mwaka wa pili akiwa mzima. Akikata simu, amepungukiwa upweke. Mwingine anazima saa nane usiku akiwa mpweke zaidi ya alivyowasha.

Kujilinganisha nalitaja kwa kifupi kwa sababu kila mtu analijua. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika tangu 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kuwaangalia wenzake. Yeye alikuwa anawaza jirani na mfanyakazi mwenzako, watu watano sita. Mwanafunzi wa Mtwara anajipima na mamia, wa Dodoma, wa Dar, wa Dubai, wote wakiwa kwenye siku yao ya sikukuu.

Hofu ya kupitwa, hiyo nataka niitetee kidogo. Wapo wanaoiona kama wasiwasi wa kujitengenezea, lakini hapa kwetu ina mashiko. Saa tano usiku CR, kiongozi wa darasa, anaposti kwenye grupu la WhatsApp kwamba kipindi cha kesho kimehamia ukumbi mwingine na jaribio limesogezwa mbele. Asiyekuwa hewani amekosa alama. Mwalimu anayetangaza hivyo halafu darasani anawalaumu wanafunzi kwa kuganda kwenye simu, ningependa apite dukani kwangu tuzungumze. Umewafundisha mwenyewe kwamba mshipi usiposhikwa muda wote, samaki anaondoka.

Kubeti kunastahili makala yake. Niseme tu kwamba mikeka imeunganisha mshipi wa Skinner na bumu la Bodi ya Mikopo, na kwamba aliyenaswa na kubeti kwa kweli anaingia kwenye ile orodha ya magonjwa ya 2022.

Sasa swali ambalo mzazi huniuliza akija mtaani kwetu kulipia kodi ya mtoto: simu ndiyo imemfanya mnyonge, au unyonge ndio umempeleka kwenye simu? Tafiti zinazowafuatilia watu kwa muda zinaonyesha njia zote mbili. Mwenye sonona, mwenye wasiwasi uliopitiliza, mwenye shida ya kutuliza akili tangu utotoni, huyo ananasa kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Na akishanasa, usingizi ukipungua na marafiki wakipungua, sonona inanenepa. Kwa hiyo kumnyang'anya simu, jambo ambalo baba wengi hulifikiria kwanza, ni kuondoa panadol na kuacha jino. Mara nyingine ni kuondoa na vitabu, maana viko humohumo. Kijana ambaye wiki zinapita halali, hali, haogi, haoni maana ya chochote, huyo apelekwe hospitali kubwa, Ligula au kokote karibu, na akifika asianze kueleza habari za simu. Aeleze usingizi, hamu ya kula, na mawazo. Simu itaingia kwenye maelezo kwa zamu yake.

Kwa walio katikati, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa tabia za namna hii ni ile ya mazungumzo inayomfundisha mtu kukamata fikra na mwenendo wake vinavyofuatana. Mimi si mtaalamu wa tiba, ni mtu wa kopi. Nilichofanya ni kumpa kijana rundo la karatasi zilizoharibika kwenye mashine, nyuma yake peupe, nikamwambia asijizuie kushika simu hata kidogo. Aishike anavyotaka. Ila kabla ya kuishika aandike neno moja: dakika iliyopita ulikuwa unasikia nini. Usiandike unachokwenda kuangalia.

Siku ya kwanza aliandika mara tatu akasahau. Siku ya nne alileta karatasi yenye orodha. Nainukuu kama ilivyokuwa kwa ruhusa yake: njaa, risechi, risechi, sijui, usingizi, risechi, nimemkumbuka mama, sijui, risechi, risechi, CR, risechi.

Tuliiangalia wote wawili kwenye kaunta. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. "Kumbe mimi sina uraibu wa simu," akasema. "Nina uraibu wa kuikimbia risechi."

Sikumkatalia wala sikumkubalia. Ule mshipi nao ulikuwepo, zile "sijui" mbili ni za kwake. Lakini risechi sita kati ya kumi na mbili ni hesabu inayokwambia uanzie wapi. Hakuanzia kwenye simu. Alikwenda kwa msimamizi wake na sentensi moja tu ya tatizo la utafiti, mbovu, makusudi mbovu, ili aambiwe ubaya wake uko wapi. Aliambiwa kwa dakika kumi. Akarudi na sentensi nne. Tumbo, alisema, lilikaza mpaka mlangoni kwa msimamizi, alipoingia likaacha.

Baada ya hapo alianza kuandika kwa mkono maktaba, kisha ananiletea nimchapie. Na asubuhi moja alikuja mapema, saa mbili kasoro, akaweka simu kaunta pamoja na hela ya kuchaji. Nikaiwasha. Asilimia tisini na sita.

"Hii imejaa," nikamwambia.

"Najua, dada. We ichaji tu mpaka saa kumi."

Nikaichukua, nikaiweka rafuni kati ya simu za watu, bila waya. Ilitetemeka asubuhi nzima kama mende kwenye kopo. Kwenye saa sita akapita kununua mihogo ya kukaanga kwa jirani, akasimama mlangoni, macho moja kwa moja rafuni.

"Imejaa?"

"Bado," nikamjibu.

Akacheka, akaondoka na mihogo yake.